Ukuta Uliochunwa Got Rabuor

Sista Mellen alidhani amepotea njia. Alisimama kwenye lango la zahanati ya Got Rabuor, mkoba begani, akalitazama jengo lililokuwa mbele yake, akarudi nyuma akasoma kibao, akatazama tena. Kibao kilikuwa kile kile. Tangi la maji lilikuwa lile lile, linavuja upande ule ule. Lakini wodi ya akina mama haikuwa ile aliyoiacha.

Ile aliyoiacha Ijumaa adhuhuri ilikuwa imevaa plasta mpya, plasta ya kurushwa kwa mwiko, yenye vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hii aliyoikuta Jumamosi saa nane na nusu mchana, tarehe kumi na tatu Aprili mwaka wa tisini na sita, ilikuwa uchi. Ukuta wa mbele ulikuwa umechunwa mpaka mawe yakatoa meno. Mlango ulikuwepo. Vioo vya madirisha vilikuwepo, vyote. Mabati yalikuwepo, na kitanda cha kujifungulia, ambacho mwizi yeyote mwenye akili zake angekibeba, kilikuwa ndani na nailoni yake. Kilichoibwa ni plasta.

"Sasa ni nani anaiba plasta?" Sista Mellen aliuliza kwa sauti. Hakuna aliyemjibu, maana Got Rabuor nzima ilikuwa kanisani.

Koplo Wangwe alifika saa tisa na robo, kwa baiskeli, kwa kuwa gari la stesheni lilikuwa limempeleka mke wa Inspekta sokoni Migori. Alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mtu mrefu, bega moja limeshuka, aliyezeekea kwenye ukoplo huku vijana wa jana wakimpita. Wodi hii aliijua. Ilipokuwa bado ni maneno ya mikutano, wakubwa wakipigiana makofi na kunywa soda, mkewe Nyamoita alishikwa na uchungu hapa hapa, wakaambiwa wampeleke Homa Bay, na Homa Bay hawakufika. Tangu hapo alikuwa akipita akitazama mawe yanavyopanda, na kila mwaka kulikuwa na mkubwa mwingine wa kueleza kwa nini hayajapanda zaidi. Sasa yalipanda, yakapakwa, na mtu amekuja kuyavua.

"Uliondoka lini, Sista?"

"Jana, Ijumaa, adhuhuri. Nilikuwa na mama mimba imelala vibaya. Wodi haijafunguliwa, ningemzalisha wapi? Kwenye stoo ya dawa? Nikampeleka Homa Bay. Ndiyo narudi."

"Na plasta ulipoiacha?"

"Ilikuwa ukutani, Koplo. Plasta hukaa wapi kwingine?"

Wangwe akaanza kuzunguka. Ukuta ulikuwa umechunwa kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa jembe, mtu akiukwangua kama anayekwangua masizi ya sufuria. Lakini kulia kabisa, baada ya dirisha la mwisho, kipande cha upana wa shuka kilikuwa hakijaguswa. Jembe lilikuwa limeegemezwa hapo, mpini juu, limesimama kwa adabu. Chini palikuwa na rundo la plasta iliyovunjika, limekusanywa, limefagiwa kando kwa kando, na juu yake limefunikwa karai.

Akachutama. Mavumbi yaliyotapakaa kando ya ukuta yalikuwa yamekauka na kufanya ganda, tena ganda lenye vishimo vishimo. Alipoligusa kwa kidole likavunjika kama mkate mkavu. Akainua karai. Chini yake mavumbi yalikuwa laini, makavu, kama unga.

"Mvua ilinyesha lini hapa?"

"Homa Bay ilinyesha leo alfajiri," Mellen alisema. "Hapa sijui."

"Migori pia, alfajiri." Wangwe alisimama, magoti yakalia. Kitu kilikuwa kimempita mbele ya pua na hakukishika. Akabandua bonge la ile plasta iliyobaki ukutani. Lilitoka kwa kucha tu. Hiyo sementi walikuwa wameionyesha mchanga, hawakuichanganya. Akalitia mfukoni.

Hapo watu wakaanza kumiminika kutoka kanisani, nguo nyeupe, Biblia kwapani. Mbele yao alikuwa Mzee Wesley Obare, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Wasabato na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ndani ya koti lisilojali joto. Wangwe alimnyooshea mkono. Mzee akampa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka shambani na matope vidoleni. Wangwe akakishika kile kifundo, akakitikisa, akashangaa kidogo, akasahau.

"Koplo, hii haihitaji akili nyingi," Mzee Wesley alisema, sauti imetengenezwa iwafikie wote. "Sisi tangu asubuhi tumekuwa mbele za Mungu. Yule ambaye hakuwa kanisani ndiye alikuwa hapa na jembe. Tafuta mtu asiyeijua Sabato."

"Wewe uliuona ukuta lini mara ya mwisho, jaduong'?" Wangwe aliuliza, akimwita mzee kwa Kijaluo.

"Juma hili sijafika kabisa. Jana kutwa nilikuwa nyumbani nikijitayarisha kwa Sabato, kama amri inavyosema."

"Na unamshuku mtu?"

Mzee Wesley alitazama chini kwa huruma. "Siwezi kumtaja mtu. Lakini mwezi jana Benta alisimama hapa langoni na wanawake wake wa Osiri, akapiga kelele kwamba ukuta huu ni wake. Nyote mlisikia."

Wote walikuwa wamesikia. Na kabla Wangwe hajafungua mdomo, Land Rover ya stesheni ikaingia, Inspekta ndani. Hakuteremka. Wakubwa hawateremki, viatu vitapata vumbi. Mzee Wesley alimfuata dirishani, wakazungumza kwa Kiingereza, wakacheka kidogo, kisha Inspekta akatoa kichwa.

"Koplo! Lete huyo mama. Jumatatu saa tatu awe mbele ya hakimu."

"Afande, kuna jambo la mvua..."

"Mvua utaishtaki wewe. Lete mama."

Benta alikutwa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kando ya maji, peke yake na karai lake. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mikono migumu, mdomo mgumu zaidi. Wenzake wa kuosha mchanga wote walikuwa Wasabato; yeye alikuwa Mkatoliki, na Jumamosi kwake ilikuwa siku kama nyingine. Saa kumi na moja kasorobo alikuwa kwenye benchi la stesheni, na Wangwe mbele yake.

"Benta, umekunywa chai?"

"Mnafunga watu kwanza halafu mnauliza chai? Sema unachotaka, wuod Kuria, mwana wa Wakuria."

"Nataka kujua kwa nini ukuta wa zahanati ni wako."

"Ukuta si wangu. Mchanga ndio wangu." Akavuta shuka. "Wanaume wakishachimba na kuosha, mchanga unaobaki wanautupa. Sisi wanawake tunaukusanya, tunauosha tena. Dhahabu inabaki, kidogo kidogo, ndiyo tunakula. Mwaka jana wanaume walifikia mwamba mzuri sana. Mchanga wa huo mwamba tuliuweka peke yake, rundo kama nyumba. Januari mwenzetu akafa. Siku ya maziko hakuna mtu anayeshuka Osiri, unajua. Tulienda kuzika, tukarudi, rundo hakuna."

"Mkaripoti?"

"Kwa chifu. Akauliza, mchanga ni mali? Nikaja hapa. Askari mmoja akaniambia nirudi na risiti ya mchanga." Alicheka bila furaha. "Halafu nikapita Got Rabuor nikaona fundi anaupaka ukutani. Ile nyekundu nyekundu yake, naijua kama sura ya mtoto wangu."

"Kwa hiyo ukaenda kuuchukua."

"Ningekuwa mimi ningeacha ile ya pembeni mnayosema imebaki? Tumia kichwa, Koplo! Ile ya pembeni ilipakwa mwisho. Mchanga wa mwisho ni wa chini ya rundo, na dhahabu hulala chini. Mwizi wenu amebeba makapi, akaacha nafaka."

Wangwe alikuna kichwa. Alikuwa ameingia na kitu kimoja asichokielewa, sasa alikuwa na vitatu. Mama huyu alikuwa na sababu ya kuiba kuliko mtu yeyote wilaya nzima, na alikuwa ameieleza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Leo ulikuwa wapi?"

"Osiri. Peke yangu. Nani atanishuhudia, vyura?"

"Na jana?"

"Jana nilikuwa Kanyamwa, matanga ya shemeji. Nimelia mbele ya watu wa Kanyamwa wote na katekista wao, nikalala huko, nikarudi asubuhi mvua ikiisha. Lakini jana ya nini? Si mnasema leo?"

Wangwe akaacha kuandika. "Ndiyo," alisema polepole. "Wanasema leo."

"Koplo, nina watoto wanne hapo nyumbani. Nikienda gerezani Jumatatu, nani atawalisha? Inspekta?"

Wangwe alichukua baiskeli.

Alifika kwa Mzee Wesley jua likiwa limeinama lakini halijatua. Ilikuwa boma safi, nyumba ya matofali, ghala la pamba lenye kufuli kubwa, na pikapu chini ya kivuli. Mkewe, Marcella, alimtolea kiti nje.

"Utasubiri kidogo, mwanangu. Mzee hapokei mambo ya serikali mpaka jua litue. Naona aibu sijakupa chai, lakini moto hatuwashi. Tunakula kilichopikwa jana."

"Usijali, mama."

Akakaa. Macho yakatembea uani, yakatua kwenye gogo. Shoka lilikuwa limenasa katikati yake, gogo limepasuka nusu, vipande vingine vimepangwa pembeni vizuri.

"Nani ameacha shoka namna hiyo? Litashika kutu."

Marcella akacheka. "Ni mimi. Jana nilikuwa nikipasua kuni, jua likanikuta. Basi, likishatua hata kulichomoa ni kazi. Litakaa mpaka leo jioni, nimalize."

"Hata pigo moja?"

"Hata moja. Mzee angekuwepo angenisaidia, tungewahi. Lakini alitoka na pikapu tangu mchana, akarudi jua linazama, hata viatu hakuvua, akaingia moja kwa moja kwenye maombi."

Wangwe alilitazama lile shoka. Alipotoka Mzee Wesley jua likiwa limekwisha, alimwuliza mambo mawili matatu ya bure kuhusu fundi aliyepaka ukuta, akaambiwa ni Osoro, Mkisii, sasa anafanya kazi Homa Bay. "Naye ni Mkatoliki," Mzee Wesley aliongeza kwa upole.

Mzee akarudi ndani. Nyuma yake, Marcella alikuwa amekwisha chukua shoka na kumaliza gogo lake. Pigo moja tu.

Jumapili asubuhi Wangwe alikwenda Homa Bay kupitia Kanyamwa. Katekista alithibitisha: Benta alikuwepo tangu Ijumaa asubuhi, alilia mpaka sauti ikakatika, akalala na wanawake wengine, akaondoka Jumamosi mvua ikitulia. Wangwe alishukuru, lakini hakufurahi. Kila mtu alikuwa akitafuta mtu wa Jumamosi, na yeye alikuwa anakusanya mashahidi wa Ijumaa kama mwendawazimu.

Osoro alikuwa juu ya jukwaa la miti, karibu na ziwa, akirusha plasta kwenye ukuta wa nyumba ya kulala wageni. Alikuwa mfupi mwenye majivuno, na alirusha kila mwiko kama anayepigiwa ngoma.

"Karibu, afande! Ukitaka nyumba ipendeze umemfikia mwenyewe. Kuanzia Kisii mpaka Remba, ukiona plasta haina ufa, ni Osoro."

"Ya Got Rabuor imechunwa."

Mwiko ulibaki hewani. "Imechunwa na nani?"

"Ndiyo nakuuliza. Juzi Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Muulize mwenye nyumba, alinikalia kichwani mpaka jioni. Jumamosi pia."

"Ile ya Got Rabuor uliipaka na mchanga gani?"

"Mchanga wa ziwa. Uliagizwa kutoka hapa hapa Homa Bay, safi kabisa. Kamati ilisema mchanga wa ziwa, nikapaka mchanga wa ziwa."

Wangwe alisogea ukutani. Plasta mbichi ilikuwa kijivu, na ndani yake kulikuwa na vitu vyeupe vidogo, vingi, vinang'aa. Akakitoa kimoja kwa kucha.

"Hiki nini?"

"Konokono. Maganda ya konokono wa ziwani. Hata uchekeche vipi, hawaishi."

Wangwe akatoa lile bonge mfukoni, akalivunjia kiganjani mwa Osoro. Likatoka vumbi jekundu.

"Nitafutie konokono mmoja humo," akasema.

Osoro alitazama kiganja muda mrefu. Majivuno yalimtoka taratibu kama upepo kwenye mpira.

"Afande, mimi nina familia."

"Benta ana familia pia, na yuko ndani."

"Mchanga wa ziwa haukuja. Mzee Wesley alileta huo mwekundu kwa pikapu yake mwenyewe, safari nyingi, siku watu wako mazikoni. Nikamwambia huu mchanga siujui. Akasema, paka au nitafute Osoro mwingine. Na sementi alikuwa ananipimia kwa kibakuli kama cha kuombea. Nikapaka. Ukiulizwa, sema ni wa ziwa, ndivyo alivyoniambia."

"Kesho asubuhi utasema hivyo mbele ya Inspekta."

"Mbele ya Inspekta?" Osoro akashuka jukwaani. "Si huyo ndiye rafiki yake?"

"Ndiye huyo."

Wangwe alirudi njia yote akijibishana na kichwa chake. Sawa, Wesley alipeleka mchanga wa Benta ukutani. Basi kwa nini amwibie ukuta wake mwenyewe? Na kama ameiba, amekosaje kumaliza? Hakuna aliyemfukuza. Mtu anayekimbizwa hafagii rundo, haegemezi jembe. Alikuwa karibu na Ndhiwa, akisukuma baiskeli mlimani, alipoliona tena lile shoka kwenye gogo, limesimama peke yake kwenye ua safi. Akasimama katikati ya barabara.

"Jua lilimkuta," alisema. Ng'ombe mmoja alimgeukia.

Jumatatu saa mbili asubuhi watu walijaa mbele ya wodi. Wangwe alikuwa amemwambia Inspekta kwamba hakimu atauliza kama afisa aliuona mwenyewe mahali pa wizi, na hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Land Rover ilipita hapo ikielekea mahakamani. Benta alikuwa nyuma, pingu mikononi. Safari hii Inspekta aliteremka.

"Dakika kumi, Koplo. Hakimu hangoji."

"Ndiyo, afande." Wangwe hakuzoea kusema mbele za watu. Wengine ndio waliopewa kazi hiyo. "Mvua ilinyesha hapa lini?"

"Jumamosi alfajiri!" watu wakajibu. "Tangu hapo hakuna tone!"

"Angalia chini, afande. Haya mavumbi ya plasta yamefanya ganda, yana alama za matone. Yalinyeshewa. Chini ya karai, makavu. Mtu aliyechuna ukuta huu alimaliza kazi kabla ya mvua. Hakuchuna Jumamosi watu wakiwa kanisani. Alichuna Ijumaa, Sista alipoondoka, watu wakiwa majumbani wakijitayarisha kwa Sabato. Na Ijumaa Benta alikuwa Kanyamwa, katekista yuko tayari kuapa."

Minong'ono ikapita. Inspekta akatazama saa yake, kisha akatazama mavumbi.

"Kwa hiyo nani?"

"Nilijiuliza kwa nini aliacha kipande hiki. Hakukimbizwa. Alifagia, akafunika rundo lisilowe, akaegemeza jembe. Huyu alifunga kazi, afande, kama mtu atakayerudi. Kwa nini mwizi afunge kazi bado kipande cha shuka moja?" Akageuka. "Jaduong', Ijumaa jua lilitua saa ngapi?"

Mzee Wesley alikuwa amesimama mbele, Biblia kwapani. "Mimi ni saa ya ukutani? Saa kumi na mbili na nusu hivi."

"Na likishatua?"

"Likishatua ni Sabato. Kila mtoto anajua."

"Hata pigo moja la jembe?"

Mzee Wesley akacheka, lakini midomo peke yake. "Unaitukana imani yangu, kijana. Inspekta, unamsikia?"

"Siitukani," Wangwe alisema. "Naisifu. Mwizi mwingine angemaliza."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akazibwa mdomo.

"Ijumaa nilikuwa nyumbani kutwa," Mzee Wesley alisema. "Muulize yeyote."

"Nitamuuliza mama Marcella, basi."

Marcella alikuwa kati ya wanawake, kitambaa cheupe kichwani. Alisogea polepole. Alimtazama mumewe, akatazama ukuta, na usoni mwake palikuwa na mtu anayejumlisha kitu na kuomba kisitimie.

"Mama, Ijumaa jua likikukuta na shoka, mzee alikuwa wapi?"

"Marcella," Mzee Wesley alisema.

"Jaduong', umenifundisha mwenyewe nisishuhudie uongo." Akamgeukia Koplo. "Hakuwepo. Alitoka na pikapu mchana. Na Jumamosi usiku alitaka kutoka tena, akasikia kwamba askari wanalinda hapa, akarudi kulala. Ufunguo wa ghala amebadilisha. Sikujua kwa nini. Mungu ananiona, sikujua."

"Osoro," Wangwe aliita.

Osoro alisema yake haraka haraka, akitazama viatu: mchanga mwekundu, pikapu, siku ya maziko. Benta, ndani ya Land Rover, aligonga bati kwa pingu. "Si niliwaambia! Niliwaambia tangu Januari!"

"Maneno ya fundi na ya mwanamke," Mzee Wesley alisema. "Huo ni ushahidi?"

"Jumamosi ulinisalimia kwa kifundo," Wangwe akamjibu. "Umetoka kanisani, si shambani. Fungua viganja, jaduong'."

Hakufungua. Inspekta, ambaye mpaka hapo alikuwa akitafuta pa kutazama, aliona macho ya watu wote yamemgeukia yeye. Akanyoosha mkono, akavifungua vile viganja mwenyewe. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mekundu, mstari mzima chini ya vidole. Mwalimu mstaafu hashiki jembe kutwa bila kuandikwa viganjani.

Biblia ilianguka. Mzee Wesley hakuiokota.

"Mchanga wenyewe ulikuwa takataka," alisema. "Nani angejua? Pesa ya mchanga wa ziwa ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kunifikia mimi. Nikachukua wa bure. Halafu mwezi huu mnunuzi mmoja wa Isebania akaniambia lile rundo la akina mama lilitoka kwenye mwamba gani. Akaniambia, nikarudi hapa nikatazama ukuta. Miaka yote nimezunguka ofisi kwa ajili ya wodi hii. Wa juu wamekula, wa katikati wamekula. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu tu." Akamgeukia Inspekta. "Wewe unajua."

Inspekta alikohoa.

Walimfungua Benta. Walikwenda kulifungua ghala la pamba la Mzee; magunia yalikuwa humo, nyuma ya marobota, wakarudi nayo. Mzee Wesley hakutiwa pingu; alikaa mbele, kando ya dereva, kwa heshima ya umri wake. Asubuhi Benta alikuwa ameletwa nyuma, juu ya tairi, na pingu. Wangwe aliliona hilo, na watu wote wakaliona.

"Mchanga wangu nautaka leo," Benta alimwambia Inspekta dirishani.

"Ni ushahidi, mama. Utakaa stesheni mpaka kesi iishe."

"Na kesi itaisha lini?"

"Itaisha."

Wanawake wa Osiri walicheka, kicheko cha watu wanaojua magunia hukonda vipi yakikaa mikononi mwa serikali. Land Rover ikaondoka. Vumbi likatua. Wangwe alibaki na baiskeli yake, na furaha aliyoitarajia haikuja. Alijihisi kama aliyefungua kufuli akakuta kufuli nyingine.

"Sasa wodi yangu?" Sista Mellen aliuliza. "Kamati hakuna, plasta hakuna. Nina mama wawili wanakaribia mwezi huu. Niwapeleke Homa Bay tena?"

Wangwe alitazama mawe yaliyotoa meno. Alimkumbuka Nyamoita, kichwa chake kwenye mapaja yake, njiani, akiuliza kama wamefika.

"Ng'ombe wapo, udongo upo," Benta alisema. Alikuwa akisugua vifundo vya mikono mahali pingu zilipokuwa. "Jumatano tutakuja na wenzangu, tutausiriba ukuta kwa mikono yetu, udongo na kinyesi, kama nyumba ya mtu. Mtoto hazaliwi na plasta. Lakini, Koplo." Akaelekeza kidevu pembeni, kwenye kile kipande cha upana wa shuka. "Inspekta amesema magunia ni ushahidi. Na hiyo iliyobaki ukutani?"

Wangwe alikitazama. Alikuwa na miaka mingi kazini, na alijua jibu lililo sahihi. Alijua pia mahali jibu sahihi lingepeleka ule mchanga.

"Hiyo hakuitaja," akasema.

Wanawake walisubiri. Jembe lilikuwa bado limeegemezwa, kama lilivyoachwa. Benta akalishika.

Koplo Wangwe akageuza baiskeli, akawapa mgongo, akasimama langoni akiitazama barabara ya Migori, tupu, nyekundu, isiyo na mtu, kama askari aliyepewa amri ya kuilinda. Nyuma yake jembe likaanza kukwangua.